Bibi wa Safu ya Pili

Jumapili, saa nane mchana. Upepo wa kaskazini umeingia Irving tangu alfajiri na madirisha yangu yanapiga kelele. Jana Houston tulikuwa tunatoka jasho kwenye fulana. Mgongo unauma kwa sababu ya kiti cha nyuma cha gari la Njeri, sauti imekauka, na nina furaha. Naiandika furaha hiyo kama taarifa, kwa kuwa ni ya kweli.

Nina masahihisho ya kutoa. Lakini kwanza mambo kwa mpangilio wake.

Sisi ni mashabiki wanne wa kijana ambaye hatuna undugu naye hata wa kutafuta. Anaitwa Stelios. Yuko mwaka wa tatu wa sekondari hapa Irving, ukoo wake ni wa Kigiriki, anacheza senta kwenye mpira wa kikapu, na akinyoosha mkono bila kuruka anashika wavu. Hamisi ndiye aliyetuletea habari zake. Hamisi ni mtu wa Tanga, anafanya kazi za kompyuta Richardson, na binti yake anasoma shule hiyohiyo. Jioni moja mwezi wa Novemba alimfuata binti mazoezi ya kwaya, akasikia viatu vinalia ukumbini, akachungulia. Akatupigia simu palepale. "Njooni muone mtu," alisema, akakata.

Njeri ni muuguzi, mzaliwa wa Nakuru. Anaendesha gari vizuri na mdomo hauna breki. Déo anatoka Bujumbura. Anafunga mizigo kwenye ghala kule Fort Worth siku sita kwa wiki na anaishi peke yake. Jumamosi ndiyo siku yake ya mapumziko, na Jumamosi yake ni sisi na Stelios. Anasema aliwahi kucheza senta ujanani. Wa nne ni mimi, niliyeandika habari za michezo Dar es Salaam miaka ishirini na mbili, na ambaye daftari halijawahi kumtoka mkononi.

Tangu Novemba tunabishana kuhusu kijana huyu kama watu wanaogombea urithi. Hamisi anataka atoke nje, arushe kutoka mbali, kwa sababu masenta wa siku hizi ndivyo wanavyocheza. Déo akisikia hivyo anavua kofia yake ya bluu na kuipiga gotini. Senta anakaa chini ya ringi, anasema, akitoka pale nani atabaki na mizigo? Hamisi humjibu, "Mzee, kikapu chako hicho ni cha enzi za redio ya mkulima." Njeri yeye alitangaza mechi ya kwanza tu kwamba miguu ya Stelios ni ya korongo, na kwamba korongo hachezi katikati. Mimi nilisema ni mwembamba mno. Nilisema zaidi ya hapo: nilisema, kwa sauti ya kawaida, katika ukumbi uliojaa, kwamba mtoto huyu hapikiwi nyumbani.

Tunasema tunavyotaka. Tunasema kwa Kiswahili.

Hiyo ndiyo raha yetu kubwa ya Jumamosi, nikiri. Wiki nzima mtu anachuja maneno kazini, anachagua sentensi kabla ya kuitoa. Kwenye viti vile tunafungua bomba. Refa amekonda, kocha kavaa suruali ya mdogo wake, mama wa kule mbele kapuliza manukato ya kuua mbu. Hakuna wa kutusikia.

Kosa la kweli la Stelios, lile ambalo wote wanne tulikubaliana, ni moja. Anadaka ribaundi, mpira uliokosa ringi na kurudi, juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayefika, halafu anaushusha mpira hadi kiunoni kana kwamba anataka kuusoma. Hapo vijana wafupi wanatokea nyuma yake na kuuchukua. Déo hakuweza kuvumilia. Kila akimwona mwizi anakuja upande wa kisogo, alikuwa anasimama na kupiga kelele, "Juu! Juu, mwanangu! Kushoto huyo, anakuja!" Sauti ya Déo imezoea kushindana na mashine za ghala.

Kuanzia Januari Stelios akaanza kubadilika. Mpira ulibaki juu. Niliandika katika daftari hili hili kwamba kocha amefanya kazi nzuri. Déo akaniambia, kwa unyenyekevu kabisa, "Dada Mwandishi, mtoto ananisikia." Tulicheka mpaka Njeri akamwaga soda. Mtoto wa Kigiriki, aliyezaliwa Texas, anasikia Kiswahili cha Bujumbura? Nikamwambia Déo kwamba dai hilo halina chanzo. Nilitumia maneno hayohayo: halina chanzo.

Sasa nafika kwenye bibi.

Alikuwa anakaa safu ya pili kutoka chini, sisi ya nne. Mwanamke wa Kizungu, mzee, sweta ya kijivu hata siku ya joto, pochi kubwa mapajani. Kila Déo alipopiga kelele, bibi yule aligeuka. Hakutabasamu. Aligeuza shingo, akamtazama Déo kwa macho yaliyokunjwa, kisha akarudi mbele na mara nyingi akapaza sauti neno moja ambalo sikulijua. Niliandika daftarini: bibi, safu ya pili, amekereka. Mechi iliyofuata: amekereka tena. Mechi ya tatu niliona inatosha.

Wiki iliyopita niliandika kwenye kundi letu la simu kwamba tupunguze kelele, hasa Mzee Déo, kwa kuwa tunawasumbua wenye shule na sisi ni wageni pale. Niliandika kwa adabu. Hamisi akaweka dole gumba. Njeri hakusema kitu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Déo alijibu baada ya muda wa saa sita: "Sawa Dada. Nitakwenda Houston kwa sababu nimekwisha kuahidi. Baadaye nitapumzika. Mpira wa kufunga mdomo nitauangalia kwenye televisheni."

Nilijua maana yake. Nilijua pia Jumamosi yake itakuwaje bila sisi. Sikufuta ujumbe. Niliamini nilichokiona kwa macho yangu, na mtu wa kazi yangu akishaamini hivyo anakuwa mgumu kuliko punda.

Kwenda Houston ni mwendo wa saa nne. Njeri aliendesha na kuimba, Hamisi alisoma majina ya wapinzani, Déo alikaa mbele ameshika kofia. Tuliposimama kununua chai alininunulia na mimi, akanipa bila neno. Ningependelea anitukane.

Mechi ilianza saa tisa alasiri, mashindano ya shule, ukumbi mkubwa kuliko wa kwetu na wenye mwangwi. Bibi wa sweta ya kijivu alikuwepo, safu ya pili kama kawaida. Zamu hii nafasi zilizobaki zilikuwa nyuma yake kabisa. Déo alikaa na kuweka mikono katikati ya magoti. Na akanyamaza.

Mnyamazo wa Déo ni mzito. Njeri alijaribu kumtania, akamwambia, "Mzee, hata pumzi umezima?"

Robo ya kwanza Stelios aliporwa mpira mara mbili, kiunoni. Robo ya pili mara mbili tena, na mara ya mwisho kijana mfupi wa Houston aliuchukua kama mtu anayechukua gazeti lake mlangoni. Nilihesabu: nne. Tangu mwaka uanze sikuwahi kuandika zaidi ya moja kwa mechi. Stelios alikuwa anaangalia viti vyetu kila baada ya kupokonywa. Niliona. Niliandika: anaangalia nani? Tukaenda mapumziko tukiwa nyuma kwa pointi kumi na moja.

Ndipo bibi akageuka. Safari hii aligeuka mwili mzima, akaweka mkono kwenye goti la Njeri kujishikilia, na akasema:

"Ule mzee wa kofia ya bluu, leo iko mgonjwa? Mbona hasemi?"

Nimeripoti mafuriko, uchaguzi na fainali zilizovunjika. Sijawahi kukosa la kuandika kama dakika ile. Njeri alisema, polepole, "Wueh."

Déo pekee ndiye aliyejibu, tena kama mtoto aliyeulizwa na mama yake. "Siko mgonjwa, Mama. Nilikatazwa."

"Nani alikukataza?"

Akaninyooshea kidole. Bila huruma hata kidogo.

Bibi akanitafuta kwa macho yaliyokunjwa, na kwa umbali ule wa hatua moja niliona kile ambacho nilipaswa kukiona tangu Januari: macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Mtoto wa jicho. Hakuwa anamkazia Déo macho. Alikuwa anamgeuzia sikio.

"Mimi sioni kule mbali," alisema. "Naona watu kama nguo kwenye kamba. Huyu mzee ndiye redio yangu. Akisema juu, mimi naambia mjukuu wangu juu, kwa Kigiriki, sauti yangu anaijua. Sasa umezima redio, nitaangalia mpira namna gani?"

Alizaliwa Bujumbura. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko. Alikua akiuza mita mbilimbili kwa Kiswahili tangu hajafika kimo cha meza, na aliondoka akiwa mwanamke mzima. Alitusikia tangu mechi ya kwanza ya Novemba. Kwa nini hakusema? Alicheka, mabega yakatikisika ndani ya sweta. "Ningesema, mngenyamaza. Nilikuwa nasikia vizuri sana."

Kisha akaanza kutoa hesabu. Miguu ya korongo, alisema, ni ya babu yake Stelios, marehemu mume wake, na yeye aliipenda. Njeri akajifunika uso kwa skafu. Suruali ya kocha, kweli, ni ndogo. Halafu akanirudia mimi. "Na wewe dada ulisema nyumbani hapikiwi."

"Ndiyo," nilisema. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Mimi ndiyo napika."

Hamisi alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Sikumlaumu.

Nilimwomba radhi bibi. Kisha nilimgeukia Déo na kumwambia nilikosea, kwamba niliona mtu anageuka nikaandika sababu yake bila kumuuliza, na kwamba kama ripota mpya chini yangu angeandika hivyo ningemrudishia habari ile na kalamu nyekundu. Déo alisikiliza. Akavaa kofia yake. "Dada Mwandishi," alisema, "chanzo umekipata?"

Nilistahili.

Bibi akapigapiga kwa kiganja kiti cha pembeni yake. Déo akashuka.

Robo ya tatu, ribaundi ya kwanza. Stelios aliudaka juu, mikono ikaanza kushuka kama kawaida, na kijana mfupi wa Houston akaja kisogoni. Déo alisimama. Wiki nzima ya kimya ilitoka kwa pamoja: "Juu! Juu, mwanangu!" Bibi akapaza neno lile la Kigiriki hata kabla Déo hajamaliza. Na mikono ikasimama. Ikapanda. Kijana mfupi aliruka, akashika hewa. Stelios aligeuka akauweka kikapuni bila kuudundisha hata mara moja, halafu akaangalia viti vyetu na kucheka, mdomo wazi, vyuma vya meno vinang'aa.

Njeri alikuwa amesimama juu ya kiti. Nami nilikuwa nimesimama. Daftari lilikuwa chini ya miguu ya mtu, na kwa hiyo sina idadi kamili ya ribaundi za kipindi cha pili. Naweza kuthibitisha kwamba hakuporwa tena hata mara moja, na kwamba tulishinda kwa pointi tatu.

Baada ya mechi, kwenye maegesho, bibi alifungua ile pochi kubwa na kutoa mkate wa mboga na jibini uliokunjwa kwenye karatasi ya bati. Stelios alikuja, nywele zimelowa, akainama kama anayepita mlango mfupi ili kutusalimia. Kiswahili anajua maneno mawili, juu na asante. Alimpa Déo mkono na kuushikilia. Kwa Kiingereza alisema kwamba nusu ya kwanza alidhani redio ya bibi imeharibika.

Bibi atapasuliwa macho mwezi wa tatu. Déo alimwambia, kwa sauti ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, kwamba basi hatamhitaji tena. Bibi alimtazama pale alipodhani uso wake upo. "Nikiona," alisema, "nitabishana na wewe. Sasa nakuamini tu."

Usiku tulilala kwa dada yake Njeri, leo asubuhi tukarudi ili Déo awahi zamu yake ya jioni. Déo alizungumza kutoka Houston mpaka Dallas bila kupumzika. Hamisi alithubutu kusema habari za kurusha kutoka mbali na kofia ikapigwa gotini. Nilisinzia nikiwasikia.

Sasa masahihisho, kama nilivyofundishwa kuyaandika, mafupi na bila visingizio:

Mwandishi aliwahi kuripoti kwamba kocha ndiye aliyemfundisha Stelios kutoshusha mpira. Si kweli, au si yeye peke yake; Déo wa Fort Worth na bibi wa safu ya pili walimfundisha. Mwandishi alisema dai la Déo halina chanzo. Lilikuwa nacho, kimekaa mbele yake. Mwandishi alidai pia kwamba mchezaji huyu hapikiwi nyumbani. Mwandishi amekula vipande vitatu. Anaiondoa kauli hiyo yote.

Nimeyatuma kwenye kundi. Njeri ameomba radhi ya miguu nayo iingizwe. Nimemwambia aandike yake.

Muda mfupi uliopita Déo amejibu. Amesema kuja Jumamosi tu hakutoshi tena, kwa sababu bibi amemwambia mechi nyingine ni Jumanne, naye kesho asubuhi ataomba abadilishiwe zamu ghalani ili awahi mechi za siku zote mbili. Kisha akaongeza kwamba tusihangaike kumtafutia nafasi.

Kiti anacho, safu ya pili.