Mlango wa Kengele ya Pili

Jumapili, 4 Machi 1951

Kengele ya pili imelia, mume wangu, Baba Yona, akafunga mlango wa kanisa na kutia komeo, kama kila Jumapili. Akarudi kwenye benchi la wazee, akakaa kama hakimu. Mvua kubwa. Nje walibaki wanawake wa bondeni, na mdogo wangu Raheli. Kikohozi chake nakijua. Nilikisikia wakati wa "Bwana utuhurumie", nikakisikia mpaka mwisho wa mahubiri.

Raheli si mvivu. Mumewe amepooza miguu. Lazima amgeuze, amwoshe, amlishe, ndipo apande mlima. Mume wangu anayajua yote hayo.

Nyumbani alikula ndizi na maharage, akataka aongezwe. Nikamwongeza. Nilitamani kummwagia.

Alhamisi, 8 Machi

Raheli ana kichomi. Nimetoka kwake sasa hivi. Amechomwa sindano, bado anahema kwa shida. Nilimwambia Baba Yona.

"Pole yake," akasema. "Angetoka nyumbani mapema."

Nimemchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 9 Machi

Baraza la wazee limekutana. Mchungaji Danieli, huyu kijana aliyeletwa kwetu mwaka jana, ameomba mlango uachwe wazi mpaka mahubiri yaanze. Wanaochelewa wasimame nyuma, wasitembee watu wakisali. Basi. Hakuomba zaidi. Wamemkatalia.

Baba Yona kanisimulia mwenyewe, kwa furaha. Alimwambia, "Mchungaji, wewe ulikuwa mtoto wa shule wakati sisi tunalilinda kanisa hili."

Hilo nalo ni kweli. Wakati wa vita wamisionari Wajerumani walichukuliwa, tukabaki bila mchungaji. Walevi walikuwa wanaingia katikati ya sala, wanacheka, wanauliza Mjerumani wenu yuko wapi. Ndipo Baba Yona alipoanza kufunga mlango. Akaisoma liturgia yote, hakuruka neno. Nilimpenda sana siku zile.

Lakini Raheli si mlevi.

Jumapili, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchungaji alifika kwenye "Bwana utuhurumie", akanyamaza. Mvua ikasikika, na watu wakinong'ona nje. Akashuka madhabahuni na joho lake, akapita katikati, wanaume kulia, wanawake kushoto, akaliondoa komeo kwa mkono wake. Wanawake wakaingia wanachuruzika maji, hawajui watazame wapi.

Baba Yona akasimama. "Basi ibada imekwisha," akasema kwa sauti, akatoka. Wazee wakamfuata, na nusu ya upande wa wanaume. Alipofika mlangoni akageuka kunitazama.

Sikutoka.

Jumanne, 13 Machi

Hasemi nami. Anakula kwa kaka yake.

Mtoni wake za wazee hawakuitikia salamu yangu. Mmoja akanimwagia maji miguuni, akasema mkono umeteleza. Nikamwita mjinga mbele ya watu. Sijutii. Wanasema leo mlango, kesho Mchungaji ataleta ngoma, keshokutwa ataondoa liturgia tuwe tunapiga kelele tu. Nani kasema? Hakuna aliyesema. Wanatunga.

Jumapili, 18 Machi. Matawi

Asubuhi Baba Yona alifungua kanisa, maana ufunguo ni wake na kazi ni yake. Kisha akaondoka. Tulikuwa wachache. Watoto na matawi yao walituzidi wakubwa.

Wazee wamesali kwa kaka yake. Mlango umefungwa, liturgia nzima, na mbuzi humo ndani pamoja nao.

Raheli ameanza kula uji.

Ijumaa Kuu, 23 Machi

Kanisa halikufunguliwa. Kufuli mlangoni, ufunguo mfukoni mwa mume wangu.

Mchungaji alitusomea mateso ya Bwana uani, ndani ya ukungu. Vijana walitaka kuvunja kufuli. Akawakataza. Baadaye akanifuata.

"Mama, sitakuomba uuchukue ule ufunguo. Yule ni mume wako."

Afadhali angeniomba. Sasa nimeachiwa mimi.

Jumapili, 25 Machi. Pasaka

Alfajiri tarumbeta za Pasaka zimepigwa makaburini. Baba Yona alikuwa amelala chali, macho wazi. Nikasimama mbele yake nimeshavaa.

"Nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Raheli yuko uani kwa kanisa. Wamembeba. Hatakaa nje tena kwenye baridi."

"Nani kamwita?"

"Nipe, Baba Yona. Usiponipa, leo nahamia kwake, na sirudi."

Nilimaanisha. Naye alijua. Akainuka, akakaa kitako. Akautoa kwenye koti, akauweka juu ya blanketi, si mkononi mwangu.

"Hukuwaona wale walevi kama nilivyowaona mimi," akasema. "Nilikuwa peke yangu pale mbele."

"Niliwaona. Nilikuwa benchi la tatu."

Nikauchukua ufunguo. Nikaondoka.

Nimefungua kanisa mimi. Raheli akaketishwa mbele, amefunikwa shuka. Mchungaji ameisoma liturgia yote ya Pasaka, hakupunguza hata neno. Mlango ulikuwa wazi, kuku akaingia tukikiri Imani, hakuna aliyekufa. Wazee wawili walikuja wakasimama nyuma. Baba Yona hakuja.

Nilirudi na ufunguo nikauweka pale pale juu ya blanketi. Yeye hakuwepo.

Jumapili, 29 Aprili

Baraza limekubaliana mwishowe. Mlango wazi mpaka mahubiri, kisha unafungwa mpaka Amina. Liturgia isiguswe. Kila upande umenuna, kwa hiyo nadhani ni haki. Kazi ya mlango kapewa mtu mwingine. Wake za wazee wananiitikia salamu, kwa mdomo tu.

Baba Yona anakula nyumbani tena. Kanisani haendi.

Leo nilimkuta barazani, amevaa koti lake la Jumapili, vifungo vyote. Akaniuliza tumeimba wimbo gani baada ya mahubiri. Nikamtajia.

"Beti zote?"

"Zote."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Sijamsamehe. Niliingia jikoni kuchochea moto wa chai. Nikamsikia ameanza kuuimba ule wimbo peke yake, kwa sauti ya chini, ile ya besi.

Ubeti wa pili nikamwitikia kutoka jikoni. Sikutoka nje.