Ng'ombe Niliyemkataa kwa Sauti

Jumapili jioni, Buhongwa. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka.

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wake wawili, kaka zangu wote, na madaktari wawili walionikataza nyama. Shule sikukaa. Haya naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, na leo mkiona makosa vumilieni, kwa sababu anayenisahihishia ni mjukuu wangu Minza, na Minza hasemi nami.

Hilo ndilo linaloniuma. Mengine ni maelezo.

Kwanza mjue mimi ni nani. Kutoka Magu mpaka Misungwi hakuna anayemjua ng'ombe kunishinda. Mnadani waliniita mkaguzi. Kwenye ukoo wananiita mwamuzi. Kijana mmoja wa benki aliwahi kuniita mthamini, neno likanikaa vizuri, nikamwambia Minza aliweke hapo juu kwenye blogu, chini ya picha yangu. Nikimpapasa ng'ombe pembe nakwambia amezaa mara ngapi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Basi jana tulikwenda kukagua ng'ombe wa mahari ya Minza, kwa kina Masanja, mchumba wake, kando ya ziwa upande wa Magu. Nilikwenda na mshenga wetu Deogratias, fundi cherehani wa Mkuyuni. Yeye ni Mhaya, mambo ya ng'ombe wetu hayajui sana, lakini maneno anayo.

Kwetu mkaguzi haongei zizini. Unapita kimya na fimbo yako. Anayefaa unamgusa mgongoni. Asiyefaa unampita tu, kama vile hukumwona. Baadaye unamnong'oneza mshenga, naye anakaa pembeni na wenyeji, wanabadilisha, mambo yanakwisha. Hakuna anayeaibika. Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Jana sikufanya hivyo.

Watu walikuwa wengi. Vijana wameshika simu zao, wanawake wamejipanga kwenye uzio, na Shija, baba mdogo wa bwana harusi, anawasifia ng'ombe utadhani anawauza. Ng'ombe walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Nikagusa, nikagusa. Macho yote kwangu, na mimi kutazamwa napenda. Nikafika kwa jike mmoja mwekundu. Nikainama, nikapapasa kiwele. Chuchu moja ngumu, imekufa. Nikasimama wima, nikasema ili wasikie mpaka wa nyuma: "Huyu ana chuchu moja mfu. Huyu ni nusu ng'ombe. Mrudisheni."

Vijana wakacheka. Nikafurahi.

Pale kwenye uzio akatoka mama mmoja mwembamba, kitenge amejifunga mpaka shingoni. Mama yake Masanja. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia marahaba.

Akasema, wala hakupandisha sauti: "Huyo ni wangu. Na mimi nimekatwa titi moja. Nami nirudishwe?"

Nikaangalia fimbo yangu. Mimi, ambaye madalali wote wa mnadani hawajawahi kunifunga mdomo.

Shija ndiye aliyemalizia. Alimwambia Deogratias, mimi hata hakunitazama, kwamba wao walidhani ameletwa babu wa binti, kumbe ameletwa mnunuzi wa bucha. Wakafunga zizi. Wakasema watatujulisha. Kwetu wenyeji wakisema watakujulisha, ujue wamekwisha kukujulisha.

Njiani Deogratias akanieleza. Yule mama alilazwa huku mjini wakati anatibiwa. Minza, ambaye anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alikuwa akimuuguza rafiki yake kitanda cha jirani, akawa anawaletea uji wote wawili, huyo Masanja bado hata hamjui. Mama aliporudi kwake, maziwa ya yule mwekundu ndiyo yaliyomwinua. Katika zizi lote, wa kwake ni huyo mmoja. Hakuna aliyemwomba. Alimtoa mwenyewe.

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Mzee," akasema, "ulitakiwa kunyamaza tu. Nani angejua kwamba na hilo linahitaji maelezo?"

Nyumbani habari zilifika kabla yangu. Minza alikuwa uani anachambua dagaa. Hakulia. Alisema, "Babu, yule mama ndiye aliyenichagua. Masanja alikuja baadaye." Akaendelea kuchambua. Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Chuchu imekufa, hilo silifuti. Nimeshinda leo nikijiambia sikukosea, na kila nikimaliza kujiambia namwona yule mama amepiga goti kwenye samadi. Amenipigia goti mimi.

Nilidhani mkaguzi na mthamini ni mtu yule yule, ila mmoja amevaa viatu. Mkaguzi anatafuta kasoro, akiipata amemaliza kazi. Huyu mwingine anatakiwa aseme kitu kina thamani gani. Mimi nilimwita yule ng'ombe nusu, na sikuuliza amemlisha nani.

Nani aliniambia mimi naweza kazi hiyo ya pili?

Kesho alfajiri nakwenda Magu. Deogratias anasema bila mshenga hawatanipokea, na yeye hawezi kurudi haraka hivi, ana aibu. Akae nayo. Nitasimama pale pale zizini, mbele ya watu wale wale, na kwa sauti ile ile nitamwomba yule mwekundu, yeye kwanza kabla ya wote. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nimeshasema.

Anayedhani nimetunga, Deogratias yupo Mkuyuni, alisimama ubavuni kwangu. Habari ya chuchu ataithibitisha. Habari ya aibu yangu muulizeni Shija, ataieleza kwa furaha. Minza naye anajua yaliyobaki. Ila yule mama msimuulize. Yeye amekwisha kusema.