Maneno ya Alima Niliyoyapunguza

Palma,
Cabo Delgado, Msumbiji.
Jumapili, 22 Septemba 2013

Mpendwa mjomba wangu Husseni,

Shikamoo, mjomba. Assalaam alaykum warahmatullah. Jicho linaendeleaje tangu wakufanyie upasuaji? Alawi aliporudi na bidhaa zake kutoka huko Tanga alituambia umeanza kusoma gazeti mwenyewe bila kumwomba mtu, tukafurahi nyumba nzima. Goti je? Na mkaza mjomba, bi Sabina, kile kifua kimemwachia? Mtujulishe, maana simu yako siku hizi inaita tu, na ikipokewa husikii. Ndiyo maana nimeona niandike, Alawi atavuka Ruvuma keshokutwa na barua hii ataiweka mkononi mwako.

Sisi huku tu wazima wa mwili, Alhamdulillahi. Ya moyo utayaona mbele. Mke wangu Zuleica hajambo, watoto wanasoma, na Atija wetu yuko darasa la saba, Kireno anakisoma kama maji. Muhogo mwaka huu tumepata. Mikorosho nayo imetoa maua mengi, tunaomba yasiungue na ukungu.

Uliuliza kupitia Alawi kama ni kweli watu wa Palma tumekuwa matajiri kwa ajili ya gesi. Mjomba, gesi ipo, lakini iko mbali huko baharini, kwa macho hatujaiona. Tunachokiona ni magari. Chumba cha kupanga kimepanda, samaki amepanda, hata kifungu cha kuni kimepanda. Huo utajiri wenyewe bado haujafika, labda umekwama njiani pale Awasse kama kila kitu kinavyokwama masika.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za bei. Nataka habari ya Alima uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wengine. Unamkumbuka Alima, mjane wa marehemu kaka yangu Abudo, ulimwona ulipokuja kwenye arobaini. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Habari hii inanihusu na mimi, wala si kwa uzuri.

Mwaka jana kampuni moja ndogo kutoka kusini ilipewa kazi ya kufyeka msitu kwa ajili ya barabara na kambi za watu wa gesi, kuanzia hapa mjini hadi upande wa Mute. Iliajiri watu arobaini na sita, wanaume kwa wanawake, Alima akiwamo. Mimi kwa kuwa nilisoma, nilifanywa apontador, yaani mtu wa kuandika kila asubuhi nani kafika kazini na nani hakufika. Tena nikawa mkalimani wa shefe wetu, yaani msimamizi wa kazi, bwana Cândido, maana yeye Kiswahili hakijui hata cha salamu.

Sasa huku kwetu kima cha chini cha mshahara si kimoja. Kila mwaka serikali, waajiri na sindicato, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi, wanavutana huko Maputo, kisha kinatangazwa kwa mafungu: watu wa kilimo chao, wa uvuvi chao, wa ujenzi chao. Fungu la kilimo ndilo la chini kabisa. Mwaka huu, mwezi wa Mei, tangazo lilipotoka redioni tulikuwa chini ya turubai tunakula. Alima akaniuliza, "Shemeji, sisi tumo fungu gani?"

"La kilimo," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. "Kilimo cha nini?"

Na kweli, mjomba, katika karatasi za kampuni sisi sote tuliandikwa wakulima, kwa sababu eti tunashika panga na jembe. Kati ya kilimo na ujenzi tofauti ni karibu meticais elfu moja kwa mwezi. Kwa watu kama sisi huo ni mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano, na mafuta ya kupikia juu yake.

Wenzake wakamchagua Alima awasemee. Hakuomba, ila alikuwa ndiye wa kwanza kuuliza, na huku anayeuliza ndiye anayetumwa. Jambo likawa kubwa kuliko tulivyodhani. Mzee mmoja wa siasa alimfuata nyumbani, akamwonya asilete vurugu, wawekezaji watahamia upande wa pili wa Ruvuma tubaki na visiki vyetu. Mwezi huohuo zikatufikia habari za huko upande wenu, Mtwara, watu walivyoandamana kupinga bomba la gesi, basi kila mkubwa hapa akaingiwa na hofu. Bwana Ernesto wa sindicato alikuja kutoka Pemba hii yetu, makao makuu ya mkoa, akatuambia kwa upole kwamba wenzake wamepigania nyongeza ya mwaka huu mpaka koo zimekauka, tusiwafungulie vita vingine vya mafungu. Hata msikitini watu waligawanyika. Wengine walisema mama ana haki, wengine walisema huyu atatukosesha na hiki kidogo.

Mwishowe akaja mkaguzi wa kazi wa serikali, mwanamke wa makamo, mwenye miwani, mtaratibu. Mkutano ulikuwa kwenye banda la kampuni. Asubuhi ile shefe Cândido aliniita pembeni. Akaniambia karibuni watahitaji mtu wa kukaa ofisini, penye feni, na amenifikiria mimi. Kisha akasema, "Leo watu watulie, Carimo. Nakutegemea wewe." Sikumuuliza ana maana gani.

Alima akasimama, kitambaa cha kazini bado kichwani. Akasema hivi, nakumbuka neno kwa neno:

"Mimi nimelima tangu nina meno ya utoto. Kulima nakujua. Mkulima anapanda, anapalilia, anavuna. Sisi tunakata miti, tunang'oa visiki, na nyuma yetu linakuja greda. Mtuambie, pale tutavuna nini? Lami? Kama sisi ni wakulima, tupeni mavuno. Kama si wakulima, tupeni mshahara wa kazi tunayoifanya. Hatuombi, tunadai."

Mimi, mjomba, nikamgeukia mkaguzi, nikasema kwa Kireno kwamba mama huyu anaishukuru kampuni kwa kuwapa kazi, na anaomba, ikiwezekana, hali yao iangaliwe. Basi, nikaishia hapo.

Mkaguzi akaandika mstari mmoja. Alima hakukaa. Kireno hajui, lakini urefu wa maneno anaujua. Akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida tu, "Shemeji, mimi nimesema mengi, wewe umesema machache. Mengine umeyaweka wapi?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Sijapata kuona haya kama siku ile. Nilitamani ardhi inimeze pale pale. Mkaguzi akaniuliza, "Amesema nini?" Nikaanza upya. Nikatafsiri yote, hadi lami, hadi "tunadai". Na lile swali la mwisho nikalitafsiri pia, maana nalo lilikuwa neno lake. Mkaguzi alivua miwani akanitazama, akaivaa tena, akaandika ukurasa mzima. Shefe Cândido alikuwa anaangalia nje.

Ikapita Juni, ikaja Ramadhani, tukafunga, tukala Idi, na hapana jibu. Kila wiki watu waliniuliza mimi, kana kwamba karatasi nimeificha mfukoni. Kazi ya ofisini yenye feni sikuisikia tena. Alima alisema nami ya kazi tu: jembe limevunjika, fulani anaumwa, basi.

Katikati ya Agosti barua ikafika. Kuanzia mwezi ule, kundi letu limewekwa kwenye fungu la ujenzi. Vigelegele vilipigwa hadi wapita njia wakasimama kuuliza nani anaolewa. Alima hakucheza. Alikaa juu ya gogo, akavua viatu, akasema miguu inamuuma.

Furaha ile haikutimiza siku kumi na tano. Kampuni ikasema sawa, kama ni ujenzi, basi inataka watu wa ujenzi. Ikatengeneza orodha ya wale iliowaita wasiofaa kubeba mawe na mbao. Wanawake wote kumi na saba walikuwamo, na wazee watano. Na kwa kuwa apontador ni mimi, karatasi nikapewa mimi nisome. Jina la kwanza lilikuwa Alima. Nilisoma majina yote ishirini na mawili, jua la saa nne likinipiga usoni. Nilipomaliza, Alima akasema, "Leo hukupunguza, shemeji." Akajifunga kanga vizuri, akashika njia.

Mwisho wa mwezi mshahara wangu ulipanda. Alipigania yeye, nikapokea mimi. Nilinunua mchele, Zuleica akaupika kwa nazi, tukala. Sitaki nikudanganye kwamba chakula hakikupita kooni. Kilipita. Ndicho kinachonisumbua.

Mwanzoni mwa mwezi huu wanawake wanne walikuja nyumbani, Alima hakuwamo. Walimpigia simu mkaguzi, akawaambia wanaweza kupeleka malalamiko ofisi ya kazi ya Pemba, ila yawe ya maandishi, kwa Kireno, na awepo shahidi wa kutia sahihi. Mjomba, mwenye Kireno na aliyeyaona yote ni mtu mmoja. Nilimtazama Zuleica. Hakusema andika, hakusema usiandike. Alisema tu, "Watoto ni wanne, Carimo, na wewe unajijua." Nilikaa siku mbili bila kushika kalamu. Siku ya tatu nikaandika. Niliandika kila kitu, hata yale ya kuitwa pembeni asubuhi ile, hata nilivyoyakata maneno.

Nikampelekea Alima. Alinipa kigoda, nikamsomea kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, kisha akasema, "Niitie Atija." Binti yangu akaja, nami nikaombwa nikasimame nje ya ua. Atija akamsomea upya yote. Yakalingana. Ndipo Alima akatia dole gumba. Sikukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, nami sikuwa nayo, tena nilijua ana haki.

Barua ikaenda Pemba na Zacarias, dereva wa lori la chumvi. Habari zikamfikia shefe, sijui kwa mdomo wa nani. Jumatatu iliyopita aliniita, akanilipa siku zangu, akasema sasa uandishi wa mahudhurio utafanywa kwa kompyuta. Hakupaza sauti, hata mkono alinipa. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa mtu wa nyumbani. Nimekwenda mara mbili kuwasaidia jamaa kupalilia, mgongo umesahau ile kazi.

Pemba wamejibu kwamba shauri litasikilizwa mwezi ujao, baada ya Idi ya kuchinja. Wako wanaosema tutashinda. Wako wanaosema hata tukishinda, kampuni itakuwa imeshafunga mizigo, na mwakani kule Maputo watavutana tena na sisi tutaanza tena kuuliza tumo fungu gani. Nimechoka, mjomba, uchovu ambao ukilala unaamka nao. Ukiniuliza kama wajukuu zako waje huku kutafuta kazi, nitasema wasubiri kwanza. Wakija, mlango wangu uko wazi, lakini wasije kwa sababu ya hadithi.

Jana baada ya swala ya alasiri Alima alipita hapa, mara ya kwanza tangu siku ya orodha. Walikaa na Zuleica wakamenya muhogo, wakazungumza mambo yao ya kike, wakacheka hata. Alipotaka kwenda akasimama karibu yangu. "Shemeji, tukiitwa Pemba, utatutafsiria?"

Nikamwambia atafute mtu mwingine, wako vijana wenye Kireno kizuri kuliko changu, na mikono yao ni safi.

"Huyo mwingine," akasema, "sijui maneno yangu atayaficha wapi. Wewe nimeshakujua."

Akaenda zake. Nimekubali, mjomba. Safari ni ndefu na nauli tutachangishana. Utuombee dua siku hiyo, mimi nipewe ulimi ulionyooka na wao wapewe haki yao.

Tunawasalimu wote. Nisalimie sana mkaza mjomba Sabina, umwambie ile dawa ya mkaratusi aendelee kujifukiza. Nisalimie binamu yangu Zulfa na mumewe, na wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao, na wazee wa kwetu wote mliobaki huko tangu enzi za mkonge. Zuleica na watoto wanakushika mkono. Alima naye, nilipomwambia nakuandikia, amesema nikupe salamu zake, na nisizipunguze. Anasema: "Salamu nyingi, baba, na pole ya jicho, na marehemu tunamwombea kila Ijumaa."

Mwenyezi Mungu akuongezee siku zenye afya, akurudishie nuru ya macho, na atukutanishe tungali hai.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,

Carimo