Mama wa Kwenye Katuni Kapewa Maneno

Shoga yangu, tangu Jumanne ile tuliyomzika kaka sijakanyaga studio alikokuwa akichora katuni. Leo nimeingia, na nimejitia kitanzi mwenyewe.

Unaikumbuka katuni yake ya mwisho, yule mama anayekunja shati la mwanawe aliyeondoka? Haina neno hata moja. Kaka alisema mikono ile inatosha.

Leo walikuwa wakiionyesha, bosi wake kaisimamisha katikati, mbele ya watu wote. "Watazamaji watalala, dada! Huyu mama lazima aseme kitu."

Nikanyoosha kidole tu kwenye mikono ya mama, kama alivyokuwa akifanya kaka. Nilidhani wataona.

Bosi kapiga makofi! "Mmeona? Keshatuonyesha maneno yaanzie wapi. Basi sauti ya mama ataitoa yeye."

Yeye! Yaani mimi! Wakanipongeza, shoga, kidole changu bado kiko hewani.

Nimepewa karatasi: "Mwanangu, nakukumbuka sana." Mama yetu mwenyewe hajalitamka hilo tangu msiba. Anakunja tu mashati ya kaka, anayakunjua, anayakunja tena.

Nakuandikia nikiwa chumba cha kurekodia, mlango umefungwa kwa nje. Taa nyekundu ikiwaka, natakiwa kusema.