Shangazi, Wameupaka Chokaa Ukuta Wako

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani, wasome na wengine, kwa sababu jiko lako la uani hapa Majengo sasa ni mahali pa hadhara. Mwanao Deo amelifanya ukumbi wa sanaa ya kidijitali. Ni picha zinazotoka kwenye mashine na kupiga ukutani. Umeme ukikatika, na sanaa imekatika.

Unaukumbuka ule ukuta wa nyuma ya mafiga, mweusi tii kwa masizi? Mtu akikuudhi hukumfuata kwake. Ulichukua kopa la muhogo, kikavu na cheupe kama chaki, ukamchora. Jirani aliyekusengenya jumuiyani ulimchora mdomo mpana kuliko ndoo, kisha ukasonga ugali huku anakutazama. Nikataka kumfuta, ukanichapa mkono kwa mwiko.

“Achana naye! Moshi ndio utamfuta. Moshi ukimaliza, na mimi nimemaliza.”

Na kweli alififia, siku hadi siku, mpaka asubuhi moja nikakusikia unamwita yule jirani aje kuchukua mboga. Kuchora nilijifunzia hapo. Wenzangu wana vyeti vya usanifu. Mimi nina alama ya mwiko.

Kisha mjomba, mumeo, akafariki, Deo akiwa Dar. Alimzika baba yake kwa simu. Mimi ndiye niliyeishika juu ya kaburi, na sauti yake ikatoka katikati ya sala: “Binamu, geuza kidogo, naona jua tu.” Ulirudi nyumbani, hukuvua hata khanga ya msiba, ukachora kichwa ndani ya boksi. Hakina shingo, hakina mikono. Kesho yake ukahamia kupikia nje.

“Mvua ikinyesha, Shangazi?”

“Nitalowa. Huyo hapati moshi mpaka aje mwenyewe.”

Hakuja. Alikuja kukuzika wewe, hilo nampa. Matanga yalipoisha akaanza kupima jiko.

Aliniomba nimchoree ramani. Nikachora skrini zote zikae sebuleni, na jiko liachwe lilivyo, maana giza lake lilikuwa tayari. Deo akacheka. “Binamu, wageni watachafuka humu!” Basi wakaupaka chokaa ukuta wako mweusi ili picha zionekane, halafu wakazipaka kuta nyeupe za sebule rangi nyeusi ya dukani ili pawe na giza. Dirisha wameliziba, kisha wakafunga kiyoyozi kwa sababu hakuna hewa. Paa limefichwa kwa jipsamu. Mafiga yameng’olewa, vigae vimepita juu. Usanifu ndio huo, Shangazi, na mlangoni kuna kapeti.

Sasa subiri. Kwenye ukuta ule mweupe, mashine inarusha picha ya ukuta mweusi! Mgeni anachora kwa kidole, mstari unang’aa, na kabla hajavuta pumzi mashine imeshaufuta. Hata hasira hujaimaliza. Nilitaka kutapika, nikakumbuka vigae ni vipya.

Ningevumilia hayo. Lakini kabla ya chokaa, Deo alikipiga picha kile kichwa. “Mama aliona mbali! Ona, alichora televisheni!” Wamekitengeneza kwa taa, kinawaka juu ya mlango, ndiyo alama ya ukumbi. Watu wanasimama barabarani wanapiga picha chini yake. Juzi akaniambia siku ya ufunguzi niwaeleze wageni maana yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na wewe.

“Nitakueleza wewe kwanza,” nikamwambia.

Nikamweleza tukiwa wawili humo ndani, bila kupunguza. Mwanzoni alicheka. Halafu akaacha.

“Ndiyo mimi?”

“Ndiyo wewe.”

“Na alikufa hajanifuta?”

“Alikuwa anakusubiri uje.”

Kisha unajua alisema nini? “Basi binamu, niambie tu kwamba amenisamehe. Wewe ulikuwa kama mtoto wake.” Hata msamaha anataka atumiwe, auone kwa mbali, ageuziwe vizuri! Nikamwambia mimi ni mtoto wa kaka yake tu, sina moshi.

Alipiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, akaanza kupapasa sakafu, kigae baada ya kigae, kama mtu aliyeangusha sindano.

“Mafiga yalikuwa wapi?” akauliza. “Binamu, yalikuwa wapi hasa?”

Napajua, Shangazi, hata nikifumbwa macho. Huruma ilinigusa pembeni, sikuikaribisha. Nilimtazama anavyopapasa, nikatoka, nikamwachia mlango wazi.

Pumzika kwa amani. Ukiona nimekosea, njoo unichape. Mkono wangu uko palepale.

Ni mimi,
Mtoto wa kaka yako