Mstari wa Salfa, Njia ya Makote

Shikamoo Mwalimu,

Najua hutaitikia. Ila ulishawahi kunifukuza uwanjani kwa sababu nilianza kujinyoosha bila kukuamkia, kwa hiyo naanza na shikamoo, nisije nikafukuzwa na huko.

Ni mimi Skola, binti wa Makote, yule mwenye mdomo. Karibu mwaka unatimia tangu tukuzike hapa Newala, na nina mambo ya kukueleza. Mengi ni mazuri. Moja ni baya, limenikaa kooni, acha nilitoe kwanza.

Mwalimu, zile mbio nilizokupigia simu huku napiga kelele kwamba nimeshinda, sikushinda.

Ulikuwa umelazwa Masasi, hukuona. Zilikuwa mbio za kuchagua timu ya mkoa, kilomita kumi, twende njia ya Makote tugeuze turudi uwanjani. Chokaa iliwaishia wasimamizi, wakatuambia mgeuzo ni mstari wa salfa, ule unga wa njano wa dawa ya mikorosho. Nani angeshangaa? Ndio wakati wa kupulizia, salfa iko kila nyumba, hata nguo za kanisani zinanuka salfa. Nikatoka mbele kama ulivyonifundisha, peke yangu, nikaona unjano umekata barabara, nikageuka. Kumbe gunia la mkulima lilipasuka kwenye baiskeli! Wenzangu walipofika pale, mwenyewe alikuwa ameshaizoa salfa yake, wakapita moja kwa moja mpaka kwenye mstari wenyewe. Msimamizi wa mgeuzo alikuwa kivulini, simu sikioni, hakujua nani kafika na nani hajafika.

Nilijua siku ileile. Bodaboda iliyonirudisha nyumbani ilipita pale nilipogeukia, ikaenda mbele kidogo, nikaona mstari mwingine, umenyooka, umejaa alama za viatu. Vya wenzangu. Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Hapo ndipo nilipokosa, Mwalimu. Kugeuka vile macho yalinidanganya tu, Mungu ananijua. Lakini kumwambia dereva aongeze mwendo, hilo nilitaka mwenyewe.

Jumamosi nikaja kukuona. Njia nzima kutoka Newala napanga maneno. Nikakukuta umekonda, kile kidaftari chako cha kuandikia muda wetu umekilalia chini ya mto. Nikakaa, nikakumenyea chungwa. Ukaniuliza, "Skola, una neno?" Nikasema, "Sina, Mwalimu." Ukala vipande viwili, ukasema chungwa tamu. Jumanne ukafariki. Watu waliniona nalia msibani wakadhani ni kwa ajili ya kufa kwako tu. Nililia kwa ajili ya lile chungwa pia.

Na wewe ndiye uliyenifunza kumwogopa Mungu kwenye mbio, wewe Mwislamu! Wakati ule nilipotaka kuacha ibada ili nipate mazoezi ya Jumapili asubuhi, ulinirudisha getini: "Nenda kasali kwanza, uwanja haukimbii." Ukanisubiri nje ya kanisa umekalia baiskeli yako mpaka nyimbo zikaisha, halafu ukaniteremsha mteremko wa kwenda kuchota maji na kunipandisha mara nne, na gauni la kanisani nimelikunja kwenye mfuko. Nilikutukana kimoyomoyo, nisamehe. Na siku niliyopiga magoti mstarini kabla ya kuanza, mikono juu, watu wote wananitazama, ukaninong'oneza, "Unamwomba Mungu au unaomba makofi?" Jamani! Nilinuna wiki nzima. Tangu siku hiyo naomba nikiwa nafunga kamba za viatu, hakuna anayejua.

Sasa sikia kilichotokea. Jumapili baada ya kukuzika, padri akaniita mbele. Wiki ile nilikuwa niende Mtwara na timu, walitaka kunibariki. Kwaya imesimama, medali shingoni, mama yangu amevaa kitenge kipya. Padri akasema tumshukuru Mungu kwa ushindi wa binti yetu. Mwalimu, nilikusikia kabisa ukiuliza kuhusu makofi. Nikavua medali nikasema, "Hii si yangu, niligeukia kwenye salfa iliyomwagika, na nimejua tangu siku ileile." Mama akainamisha kichwa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kukosa Mtwara. Padri akaniombea vilevile, sema sala ilikuwa nyingine.

Kesho yake nikaenda kwa wasimamizi nikaeleza, wakanifuta. Nikapanda bodaboda mpaka Mnyambe kwa Zainabu, aliyekuwa wa pili, nikampa medali yake mkononi. Nilijiandaa kutukanwa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mimi nilijua tu. Mbio za namna hiyo wewe huna!" Kisha akaniwekea ugali na kisamvu, tukala sahani moja. Akaenda Mtwara yeye. Siku hizi tunafanya mazoezi pamoja. Mwezi wa Ramadhani nafuata muda wake, tunakimbia jioni karibu na futari, na Jumapili yeye ananisubiri nje ya kanisa, amekalia baiskeli. Ukimwona utacheka.

Arobaini yako ilipofika, mkeo Mama Rukia, akiwa bado ndani ya eda, aliniita chumbani. Akasema, "Mwalimu wako alisema hiki upewe wewe." Kilikuwa kile kidaftari. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko wako wa pale hospitali, umepinda, umetetemeka. Umeandika tarehe ya mbio na ule muda niliokutajia kwenye simu. Chini yake umeandika: "Huu si muda wa Skola. Atasema mwenyewe."

Ulijua. Tangu kwenye simu ulijua, maana miguu yangu ulikuwa unaifahamu kuliko mimi. Ukaninyamazia, ukaniuliza kama nina neno, nikakumenyea chungwa. Hukuniaibisha. Ulikufa ukiniamini, tena si kwamba nilishinda. Mwalimu, nimesali maisha yangu yote na sijawahi kuaminiwa na mtu namna ile. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Juzi tumekimbia tena mbio zilezile. Safari hii walipata chokaa. Nilifika kwenye mgeuzo, nikaukanyaga mstari kwa miguu yote miwili mpaka msimamizi akacheka. Zainabu akanipita pale kwenye kilima cha mwisho, nikawa wa pili, na mwaka huu wa pili naye anachukuliwa, kwa hiyo tunakwenda Mtwara wote wawili. Mama atavaa kile kitenge. Nilipofika nyumbani nikachukua kidaftari, nikaandika muda wangu chini ya maneno yako. Ni mrefu kuliko ule wa simu, lakini nimeukimbia wote.

Pumzika, Mwalimu. Mungu akulaze anapowalaza watu wake wema. Namwomba hilo kila ninapofunga viatu. Nakuahidi kidaftari nitakijaza, na hautaingia humo muda usio wangu.

Ulisema nitasema mwenyewe. Nimechelewa, Mwalimu, lakini nimesema.

Mwanao,
Skola