Jiwe Nililolitwanga

Kawetele,
Tukuyu.
9 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu Atupele,

Habari za huko Ujerumani? Kile kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi wazima, ila magoti yangu, na mvua ambayo wiki ya pili sasa haijatupa hata siku ya kuanika shuka.

Nakuandikia kwa mkono, mjukuu wangu Debora apige picha akutumie leo hii, kabla hujasimama mbele ya walimu wako Ijumaa kutetea utafiti wako. Kwa mdomo nisingeweza. Nimekukosea, mwanangu.

Ni lile jiwe lililoanguka kutoka angani kwenye migomba ya bibi Veronika, Kisondela. Uliniagiza nilikate kwa fundi wa vigae pale Msasani ya hapa Tukuyu, kisha nipime kwa lenzi zile chembe za mviringo zilizomo ndani, mia moja, maana ukubwa wake ndio unaokuonyesha jiwe ni la jamii gani. Nikajifanya mjuaji. Miaka ishirini na sita nimepanga madaraja ya chai kiwandani kwa chekeche, lenzi ya nini? Nikatwanga nusu ya jiwe kwenye kinu, nikachekecha, nikakuandikia kwamba nyingi hazizidi robo milimita. Habari ya kinu sikukuambia.

Ukafurahi kwamba chembe zetu ni ndogo kuliko ulivyotegemea. Nami nikavimba kichwa.

Juzi Debora alikuja na lenzi ya shuleni, akamwaga ule unga kwenye sinia. "Babu, mbona zimevunjika? Hivi ni vipande tu." Nikaichukua nusu iliyobaki, nikaitazama mwenyewe. Zimo nzima, nyingine kubwa kama punje ya ulezi. Nilichokupimia mimi ni nguvu za mchi wangu.

Futa namba zangu zote. Najua utaonekana hukujiandaa, na hilo ndilo linaloniuma, lakini mficha uchi hazai. Kesho nusu iliyobaki inakwenda kwa fundi. Debora atapima, mimi nitashika tochi tu.

Mama yako Hellen anakusalimu sana, na kaka yako Hezron pia. Kwa mama yako bado sijasema. Nitamwambia leo baada ya ibada.

Jambo moja zaidi. Ulisema ukurasa wa kwanza wa kazi yako unamshukuru mjomba Jotham kwa vipimo vyake makini. Kabla ya namba, anza kufuta hapo.

Mungu akusimamie Ijumaa, mwanangu.

Ni mimi nikupendaye, na niliyekuponza,
Mjomba wako Jotham